Sahani ya Sh30

Mvua za vuli za mwaka 2025 zilikuwa haba mno kaskazini na mashariki mwa Kenya, na baada yake zikafuata picha tunazozijua. Mheshimiwa amesimama mbele ya lori lililofunikwa turubai, kijibendera mkononi, nyuma yake wamepangwa wazee wa mtaa na kina mama waliojifunga leso viunoni. Kamera zikishapiga, bendera inapepea, lori linaondoka na magunia ya mchele na maharagwe, na jioni tunasomewa habari kwamba serikali imewafikia waathiriwa wa ukame. Kwenye meza za kahawa nako yako mazungumzo mengine: tatizo ni Wamarekani, ambao Julai 2025 walilifunga rasmi shirika lao la misaada, USAID, na kutuachia mizigo tuliyozoea kubebewa. Wa kwanza wanalaumu mbingu, wa pili wanalaumu Washington.

Mimi naona wote wamepiga pembeni. Ukame huja, na wafadhili huondoka. Hayo mawili hayajawahi kuwa siri kwa mtu yeyote anayeketi Hazina Kuu. Kinachotuumiza ni kwamba serikali yetu huuwekea msaada wa chakula fedha kana kwamba njaa ni ajali ya barabarani, jambo la ghafla ambalo hutafutiwa pesa baada ya kutokea. Nasema msaada wa chakula uongezewe fedha za umma, tena kwa kiasi kikubwa, na uandikwe kwenye bajeti jinsi mishahara ya walimu inavyoandikwa: kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Na pa kuanzia ni sahani ya mchana shuleni, kwa sababu hapo ndipo tuna uzoefu mrefu, hesabu inayoeleweka, na visingizio vichache.

Uzoefu huo una zaidi ya miaka 40. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya Nyayo, na sisi tuliosoma miaka ya themanini bado tunaikumbuka ile pakiti ya pembe tatu, jinsi ulivyong'ata ncha kwa meno ukafyonza huku unamchungulia jirani yako amebakisha kiasi gani. Mwaka uliofuata Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kupeleka chakula katika shule za maeneo kame. Maziwa yalikauka miaka ya tisini pamoja na mambo mengine mengi ya umma, lakini githeri ya WFP, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, iliendelea. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wenyewe, ambao pesa zilitumwa kwenye akaunti za shule ili shule zinunue mahindi na maharagwe karibu na nyumbani. Mwaka 2018 WFP ikakabidhi shule zake za mwisho kwa serikali. Tarehe hiyo naomba ishikwe vizuri, maana wengi wanaolia leo kwamba wafadhili wametukimbia hawajui kuwa chakula cha shuleni kilikuwa tayari mikononi mwetu miaka saba kabla USAID haijafungwa. Mkono wa nje uliendelea kusaidia hapa na pale, ni kweli, lakini mwenye jukumu alikuwa ameshasaini.

Na alipewa nini cha kufanyia kazi? Katika bajeti ya 2025/26, bajeti ya takriban Sh4.29 trilioni, mpango wa chakula shuleni ulitengewa Sh3 bilioni, kiasi kile kile cha mwaka uliotangulia. Sekta nzima ya elimu ilipata karibu Sh702 bilioni. Katika kila shilingi ya elimu, chakula kilipata chini ya nusu senti. Sh3 bilioni ni pesa nyingi ukizitamka haraka, basi tuzigawe polepole. Nairobi, mpango wa kaunti wa kuwapikia wanafunzi, Dishi na County, ulioanza 2023, umetupa kipimo cha kukadiria: sahani moja tuichukulie kuwa karibu Sh30, mzazi akitoa Sh5 na zilizobaki zikitoka kwingine. Kwa Sh30, Sh3 bilioni hununua sahani milioni 100. Mwaka wa shule, ukiondoa likizo na mapumziko ya katikati ya muhula, una siku kama 180. Sahani milioni 100 kwa siku 180 ni watoto 555,000 hivi kwa siku. Nchi hii imeahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo 2030 itawalisha watoto milioni 10.

Najua hesabu hii ina kasoro zake. Sahani ya Nairobi imepikwa kwenye jiko kubwa la mvuke na kusambazwa kwa gari kwenye lami. Sahani ya Turkana imebeba nauli ya lori la siku mbili lakini haina mboga. Hata hivyo kipimo kinatosha kutuonyesha ukubwa wa pengo. Serikali ikisema inawafikia watoto zaidi ya milioni mbili kwa pesa hizo, maana yake ni moja kati ya mawili: sahani ni ndogo mno, au siku zenye chakula ni chache mno. Kwa niliyoyaona, ni yote mawili.

Niliyaona katika shule moja ya msingi ndani ya Kinango, kaunti ya Kwale, upande ule ambao barabara ya vumbi jekundu hupita katikati ya vichaka vya miiba na mtu huuza makaa ukingoni kila baada ya kilomita. Mgao rasmi ninaoufahamu kwa mtoto mmoja ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde au maharagwe, na gramu 5 za mafuta. Mimina gramu 150 za mahindi makavu kwenye kikombe cha chai: hakijai. Maharagwe yake yanaenea kwenye kiganja. Mafuta ni kijiko cha chai. Lakini hicho kidogo kikiingia kwenye sufuria pamoja na chumvi, kikachemka tangu saa kumi na mbili asubuhi, ni githeri ya kweli. Kuni huletwa na watoto, kila mmoja na kipande chake kwapani, na maji huletwa na watoto pia, lita tano kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia uliooshwa. Mpishi hulipwa na wazazi, wakipata. Serikali inatoa chakula. Ufukara wa kijiji unatoa vingine vyote.

Siku niliyofika ilikuwa wiki ya tano ya muhula na sufuria ilikuwa imeinamishwa chini juu, imekauka, mjusi amejilaza juu yake. Ghala lilikuwa na gunia moja nusu na harufu ya panya. Mzigo wa muhula ulikuwa haujafika, na mwalimu mkuu hakuwa na wa kumpigia ambaye alikuwa hajampigia. Mwalimu wa darasa la tatu alinionyesha daftari la mahudhurio: safu ya asubuhi imejaa alama, safu ya mchana ina mapengo kama kinywa cha mzee. Saa sita watoto huenda nyumbani kutafuta sima ya mtsunga, mboga ile chungu ya porini. Wasipoikuta, hakuna sababu ya kutembea kilomita tatu kurudi darasani. Mpishi, mama wa makamo, alikuwa bado anakuja kila asubuhi kufagia jiko lisilo na moto. Nilipomuuliza kwa nini, alisema chakula kikija bila yeye kuwepo wataajiri mwingine.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaopinga, maana baadhi yazo ni nzito na haifai kuzipita kwa kejeli. Iliyo nzito kuliko zote ni kwamba pesa hazipo. Deni la taifa limepita Sh11 trilioni, na sehemu kubwa ya kodi inaondoka kulipa deni kabla mwalimu hata mmoja hajalipwa. Serikali ilipojaribu kuongeza kodi mwaka 2024, ikiwemo kutoza mkate VAT ya asilimia 16, vijana waliingia barabarani, wakaingia hadi Bungeni tarehe 25 Juni, wengine wakauawa, na mswada ukaondolewa. Anayetaka kuongeza matumizi baada ya hayo sharti aseme pesa zitatoka wapi. Nakubali. Jibu langu la kwanza ni la ukubwa: kumlisha kila mmoja wa watoto milioni 10, siku 180, kwa Sh30, ni Sh54 bilioni, chini ya asilimia 8 ya bajeti ya elimu ya 2025/26. Kuanza na watoto milioni 4, wale wa maeneo kame na mitaa ya mabanda, ni Sh21.6 bilioni. Hizo ni pesa nyingi, ila haziangushi taifa. Ni za kupanga kwa hatua, miaka mitatu au minne. Jibu la pili linahusu yale maandamano yenyewe. Watu hawakukataa kodi kwa sababu hawapendi shule na hospitali. Walikataa kwa sababu wanakatwa na hawaoni kinachorudi. Sahani ya mtoto wako, ya moto, kila siku saa sita, ni kodi inayorudi ukaiona kwa macho, na sijui matumizi mengine ya serikali yanayoonekana upesi namna hiyo na watu wengi namna hiyo.

Hoja ya pili ni wizi, na hapa sina haja ya kushawishiwa. Mkenya aliyeishi sakata ya mahindi ya 2009, wakati watu walikufa njaa huku vibali vya mahindi ya akiba vikiuzwa kwa madalali, hawezi kuambiwa atulie tu. Mwaka 2024 wakulima walinunua mbolea ya ruzuku wakakuta mchanga na vumbi ndani ya gunia. Ukiongeza pesa kwenye bomba linalovuja, utaongeza matope. Lakini angalieni ni chakula cha aina gani huibwa kwa urahisi. Lori la dharura huibwa: limenunuliwa kwa haraka bila zabuni ya kawaida, linaelekea mahali ambapo hakuna anayejua litafika na magunia mangapi, na likishapakuliwa hakuna anayerudi kuhesabu. Githeri iliyoiva ni ngumu kuiba. Haiwekwi akiba, haisafirishwi, na watoto 400 waliopanga foleni na sahani mkononi ni wakaguzi wasiohongeka. Mtu akipunguza kipimo leo, kesho kijiji kizima kinajua. Mahali pa wizi ni kabla ya jiko, kwenye ununuzi, na ndiyo maana naona lilikuwa kosa kuurudisha ununuzi Nairobi baada ya kuanza vizuri kwa kutuma pesa shuleni. Zabuni moja kubwa ni mlo mmoja mkubwa kwa tenderpreneur mmoja, yaani tajiri anayeishi kwa zabuni za serikali. Zabuni elfu kadhaa ndogo, zenye bei zilizobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, zitaibwa kidogo kidogo, ndiyo, lakini zitaibwa mbele ya watu wenye majina na majirani.

Wa tatu wanasema: wapeni watu pesa, waacheni wanunue wenyewe. Hawa ninawaheshimu kwa sababu wana ushahidi. Mpango wa HSNP, wa kuzikinga kaya maskini dhidi ya njaa, umekuwa ukipeleka fedha kwa kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na umesaidia familia kutouza mbuzi wa mwisho. Pesa haziozi, hazihitaji lori, na humheshimu mpokeaji. Tatizo ni kwamba wanaopigia debe pesa badala ya chakula mara nyingi hawapigi debe la pesa zenyewe kuongezwa. Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee na wasiojiweza, zimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka 10, katika nchi ambayo mwaka 2022 pakiti moja ya unga ya kilo 2 ilipita Sh200. Halafu kuna jambo ambalo wazee wa Ukambani wanalijua kuliko wataalamu. Njaa moja ya miaka ya themanini waliiita nikw'a ngwete, yaani nakufa nimeshika: mtu alikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna kitu. Soko likiwa na chakula, peleka pesa. Soko likiwa tupu, peleka chakula. Na mtoto awapo shuleni, mpikie, kwa sababu Sh2,000 za bibi zimeshagawanywa kwa dawa, mafuta ya taa na deni la dukani kabla hazijamfikia yeye.

Ukame wa 1984 nao una somo lake, ambalo wanasiasa wetu wangelipenda kama wangelikumbuka. Serikali iliona mapema kwamba mavuno yamekufa, ikaagiza mahindi ya manjano kutoka nje kwa fedha zake, bila kungoja mfadhili amalize vikao vyake. Watu waliteseka, na watoto walioyala mahindi yale bado wanayasimanga hadi leo, lakini Kenya haikuzika watu kama ilivyozika Ethiopia mwaka ule ule. Linganisha na ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo. Tahadhari zilitolewa mapema na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, chombo tulichokiunda 2011 kwa kazi hiyo hiyo. Pesa za kutosha zilikuja nyuma ya mizoga. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa, na zaidi ya Wakenya milioni 4 walihitaji msaada. Ng'ombe akishakufa, gharama ya kumrudisha mfugaji kwenye miguu yake haifanani hata kidogo na gharama ya kumlisha miezi mitatu. Serikali inayosema haina pesa za kutoa mapema huzipata baadaye, zikiwa zimevimba.

Nimeiacha nyuma hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi zaidi mikutanoni: kwamba chakula cha bure kinazoesha watu uvivu. Mpe mtu ndoana, usimpe samaki. (Mito mingi ya Kinango haina maji Januari, lakini tuendelee.) Kwanza, anayekula sahani hii ana miaka saba. Sijui ni kazi gani tunaogopa ataikimbia. Mama yake anaamka saa kumi usiku kuchoma makaa, anatembea na debe la maji kichwani, anapalilia shamba la mtu kwa kibarua. Ukimpunguzia mzigo wa mlo mmoja hatakwenda kulala, atanunua daftari. Pili, hatutumii neno uvivu kwa usawa. Mwezi Septemba 2022, Rais Ruto akiapishwa, alisema ruzuku ya unga imemeza Sh7 bilioni kwa mwezi mmoja bila matokeo, akaiondoa, na badala yake akaweka ruzuku ya mbolea. Huenda alikuwa sahihi juu ya ile ruzuku ya unga, ambayo kwa sehemu kubwa iliishia kwa wasagaji na kwa watu waliokuwa na uwezo wa kununua pakiti kumi. Lakini hakuna aliyesema mkulima wa Trans Nzoia anayeuziwa mbolea kwa bei ya chini amezoeshwa uvivu. Kwa mwenye ekari 50 tunaiita sera ya kilimo. Kwa mwenye sufuria tupu tunaiita kudekeza.

Tatu, hebu tutazame hao hao waliotufungia bomba. Novemba 2025, serikali ya Marekani ikiwa imefungwa kwa mvutano wa bajeti, malipo ya mpango wao wa chakula, SNAP, yalikwama, na dunia ikagundua kwamba karibu Wamarekani milioni 42, mmoja kati ya wanane, hununua chakula kwa msaada wa serikali kila mwezi. Nchi tajiri kuliko zote hailiachii soko peke yake suala la njaa. Sheria yao ya chakula cha mchana shuleni ni ya 1946, na iliandikwa wazi kuwa ni hatua ya usalama wa taifa, baada ya vita kuwaonyesha ni vijana wangapi hawakufaa jeshini kwa sababu ya utapiamlo. Hao hawakuogopa kwamba sahani itamdekeza askari wa kesho.

Majirani na mataifa tunayofanana nayo hawakungoja utajiri pia. India, Mahakama ya Juu iliamuru mwaka 2001 kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya umma apikiwe chakula cha mchana. Leo mpango huo unalisha watoto zaidi ya milioni 100. Brazil, sheria ya 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo, na hapo ndipo hoja ya kwamba msaada huua soko la mkulima inapogeuka. Msaada unaoua soko ni meli ya nafaka ya kigeni inayotia nanga Kilindini wakati mkulima wa Kitui anavuna ndengu. Shule inayonunua ndengu hizo kwa bei inayojulikana, kila muhula, ni mteja ambaye mkulima wa maeneo kame hajawahi kuwa naye. Rwanda, yenye rasilimali chache kuliko sisi, ilipanua chakula cha shuleni hadi kila ngazi, kuanzia chekechea hadi sekondari, mwaka 2021. Wazazi wanachangia kidogo, serikali inabeba sehemu kubwa. Kuna shida, kuna madeni kwa wauzaji, lakini mjadala wao ni jinsi ya kulipa. Sisi bado tunajadili kama inafaa.

Ilhali kwetu mjadala huo ulifungwa na Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Tumeyasoma maneno hayo kama mashairi ya utangulizi. Yangekuwa na uzito kama Bunge lingepitisha sheria ya chakula cha shuleni yenye mambo machache: kiwango cha chini cha fedha kwa kila mtoto kinachopanda pamoja na bei, marufuku ya kukigusa katika bajeti ya nyongeza, na tarehe ya mwisho ya pesa kufika shuleni, iwe kabla kengele ya muhula haijalia. Kaunti nazo zihusishwe rasmi. Kwa sasa elimu ya chekechea ni ya kaunti na ya msingi ni ya serikali kuu, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anaweza kupata uji upande huu wa uzio na dada yake wa miaka minane akamtazama kutoka upande wa pili. Gavana akitaka kumpikia huyo wa pili, anahitaji makubaliano na Nairobi, na makubaliano hayo huyumba kila siasa inapoyumba. Dishi na County imewagawa watu kwa sababu ya jina la gavana aliyeianzisha na hesabu za uchaguzi wa 2027. Mtoto anayegusisha mkanda wake wa mkononi kwenye mashine na kupewa wali na ndengu hajui lolote kuhusu hayo, na ni bora sheria imlinde kabla hajajua.

Wapo pia ambao hawamo kwenye hesabu ya shule. Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, mgao wa chakula ulishuka chini ya nusu mwaka 2025 na Machi wakimbizi wakaandamana wakiwa wamebeba sufuria tupu. Hao wako chini ya mwavuli mwingine wa sheria na fedha, na nitakuwa mwongo nikisema Sh21.6 bilioni zitawatosha nao. Lakini watoto wa Turkana wanaosoma jirani nao wanaishi na ukame ule ule, na serikali isiyoweza kuwahakikishia raia wake githeri ya saa sita haina sauti mbele ya mfadhili anapoamua nani ale nusu na nani asile.

Kila mwaka, ifikapo 30 Aprili, Waziri wa Fedha huwa ameshapeleka makadirio ya matumizi Bungeni, na kamati huita wananchi kutoa maoni. Wakati huo muhula wa kwanza umekwisha na wa pili ndio unaanza. Nitakwenda na ombi dogo: ule mstari wa chakula cha shuleni usiandikwe tena kama tarakimu moja ya mviringo. Uandikwe idadi ya watoto, mara siku za shule, mara bei ya sahani. Waziri akitaka kutoa Sh3 bilioni tena, aandike pembeni yake ni mtoto wa shule gani atakayekula na ni siku zipi za wiki.